Jinsi ya kupanga likizo ya ukoo mzima kwenye nyumba ya kukodi, mkijipikia wenyewe

Nimetoka kumsaidia wifi yangu kupanga Desemba yao, watu 26, wengine wa Mbagala, wengine Tabata, wengine wanatokea Morogoro, nikaona niandike kabisa maana kila mwaka naulizwa haya haya.

Hatua ya 1: Vichwa na tarehe

Usihesabu familia, hesabu vichwa, na mtoto aliyeshinda anaogelea mhesabu kama mtu mzima kwenye chakula. Tarehe fuateni likizo za shule, masika ya Machi mpaka Mei achaneni nayo. Mkienda Lushoto na wazee, Juni na Julai kule baridi kali, bora Desemba. Mkienda baharini, Kigamboni au Bagamoyo, angalieni mwezi pia, ukiwa mpevu au umeandama maji yanakuwa ya bamvua, yanakupwa mbali sana halafu yanarudi mengi, watoto wasiachwe ufukweni peke yao.

Hatua ya 2: Michango

Kwa kichwa, watoto nusu, wazee bure. Mtunza hela mmoja, risiti zote anazitupia kwenye grupu la WhatsApp. Basi.

Hatua ya 3: Nyumba

Hapa ndo pa kutulia. Picha za dalali zinaonyesha bwawa la kuogelea na machweo, wewe unataka kuona jiko na maji. Aende mtu kwa miguu yake, afungue bomba la jikoni na la bafuni kwa wakati mmoja aone presha, aulize maji ni ya DAWASA au ya kisima na simtank lina lita ngapi. Tanki la lita 1,000 kwa watu 26 ni chini ya lita 40 kwa mtu, hapo wote wametoka baharini wanataka kuoga chumvi na vyombo bado havijaoshwa.

Kama ni kisima basi kuna pampu, na pampu inataka umeme, kwa hiyo kagua LUKU kama unavyokagua choo. Kuna nyumba tulikaa umeme ukakatika usiku, tokeni tumeshanunua, namba zote 20 ziko kwenye simu, ila mita yenyewe iko juu ya nguzo nje na kile kidude cha kubonyezea namba kimefungiwa chumba cha mlinzi, mlinzi kaenda kwake. Kaja kupatikana baadaye sana, kidude kutolewa, betri zimekufa. Muda wote huo tanki tupu, vyoo havina maji na bibi yetu amekaa na kanga yake begani anasubiri kuoga. Kwa hiyo: piga picha namba ya mita, kidude kiwe ndani ya nyumba mnayolala, beba betri za akiba, halafu nunua umeme kidogo na uuingize mwenye nyumba akiwa anaona. Hiyo ya mwisho usiiruke, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na nyumba iliyokaa muda bila kununuliwa umeme makato yake yanaweza kuwa yamerundikana, sasa hayo ni ya mwenye nyumba, siyo ya mchango wenu.

Jiko nalo. Mwenye nyumba akisema "jiko lipo" anamaanisha plate nne na sufuria za watu watano. Sufuria za shughuli kodini kwa hawa wanaokodisha maturubai na viti, kila mtaa wapo. Gesi iwe ya chai na mboga, wali wa watu wengi mimi siupiki kwenye gesi hata siku moja, chini unaungua juu bado kiini. Jiko kubwa la mkaa, maji yakikauka punguza moto chini, funika, palia makaa juu ya mfuniko, utakauka sawasawa mpaka pembeni.

Na wazee walale chini, karibu na choo cha kukaa.

Hatua ya 4: Manunuzi

Mchele kilo moja kwa watu sita. Vitu vikavu, vitunguu na viungo nunueni Dar kabla hamjaondoka. Samaki asubuhi na mapema, Feri kama mnaenda Kigamboni, Bagamoyo mtawakuta kule kule.

Hatua ya 5: Zamu za jikoni

Hii nakuomba sana usiiache. Bila ratiba, mama, shangazi na mawifi ndo wanahamishia jiko lao ufukweni, wanaondoka nyumbani wamechoka wanarudi wamechoka zaidi. Zamu iende kwa kaya, na baba wa kaya yumo, kupika na kuosha vyombo. Siku moja nzima iwe ya wanaume, wachome samaki, wakatie kachumbari, wasugue na masizi. Mama zetu siku hiyo hata kuulizwa chumvi iko wapi hapana. Asubuhi msiamshe mtu alfajiri kukanda maandazi, pale mtaani kuna mama anauza, mwekeeni oda jioni. Ratiba iandikwe na ibandikwe mlangoni mwa jiko kabla mizigo haijashushwa.

Hatua ya 6: Usafiri

Coaster moja, siyo magari sita yanayosubiriana. Kwa Kigamboni, Coaster na sufuria zipite Daraja la Nyerere, lipieni tu, na mnunuzi wa samaki atoke zake Feri avuke na pantoni kwa miguu, mumchukue ng'ambo. Apewe ndoo yenye mfuniko na barafu.