Jinsi ya Kupima Kama Jeshi la Kigeni Litaacha Demokrasia Nyuma Yake

Jeshi la kigeni likivuka mpaka kwa jina la demokrasia, wanaounga mkono hutaja Ujerumani na Japani, wanaopinga hutaja Iraki na Libya. Mifano yote ni ya kweli, na yote haisaidii kitu mpaka iulizwe maswali yale yale. Utaratibu ufuatao unamfaa mwanafunzi, mwandishi wa habari au mbunge anayeombwa aidhinishe askari kupelekwa nje.

Kwanza: je, wananchi walikwisha kuamua?

Tafuta kura iliyopigwa kabla ya askari kufika. Gambia ilipiga kura tarehe 1 Desemba 2016, mpinzani Adama Barrow akashinda, rais Yahya Jammeh akakubali kisha akageuka. Majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yaliingia tarehe 19 Januari 2017, na siku mbili baadaye Jammeh akaondoka. Panama nayo ilipiga kura Mei 1989, mtawala wa kijeshi Manuel Noriega akaifuta. Marekani ilivamia Desemba mwaka huo, na Guillermo Endara, mgombea aliyenyang'anywa ushindi, akaapishwa. Uvamizi huo uliua mamia ya watu na ukalaaniwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lakini tangu hapo vyama vya Panama vimepokezana madaraka kwa kura.

Hapo jeshi halikuunda maafikiano. Lilimwondoa mtu aliyeyazuia. Iraki ya 2003 na Afghanistan ya 2001 hazikuwa na matokeo ya kulinda. Mgeni alilazimika kwanza kuuliza nani ni nani na nani apate nini, na jibu lolote lingemuudhi mwenye bunduki.

Usiishie hapa, maana swali hili halitoshi. Haiti ilikuwa na mshindi halali, Jean-Bertrand Aristide, aliyechaguliwa Desemba 1990, akapinduliwa 1991 na kurudishwa na askari wa Marekani Oktoba 1994. Mwaka 2004 aliondolewa tena katikati ya uasi wa silaha.

Ujerumani na Japani ziweke kando kwa sababu maalumu. Wenyeji hawakuwa wakipigania nani ni raia wa nchi hiyo. Japani ilikuwa imewapa wanaume wote haki ya kura tangu 1925; Ujerumani ilikuwa na vyama na mabunge kabla ya 1933. Na hakuna aliyeharakishwa: katika eneo lililoshikwa na Wamarekani, Wajerumani walichagua mabaraza ya vijiji na miji mwanzoni mwa 1946, kisha mabunge ya majimbo, na bunge la shirikisho likasubiri hadi Agosti 1949.

Pili: hesabu askari

Kipimo kinachotumika sana ni askari 20 kwa kila wakazi 1,000, polisi na wanajeshi wenyeji wanaotii serikali wakihesabiwa humo. Iraki ilikuwa na watu wapatao milioni 25. Zidisha, unapata askari 500,000. Marekani ilikuwa na takriban 150,000. Bosnia, yenye watu wasiofika milioni nne, ilipelekewa takriban 60,000 mwishoni mwa 1995, na mapigano hayakurudi. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, lakini pengo la laki tatu na nusu halifichiki.

Hesabu hii ndiyo inayoonyesha uzito wa amri mbili za Paul Bremer, msimamizi wa Marekani mjini Baghdad. Ya tarehe 16 Mei 2003 iliwaondoa serikalini wanachama wa ngazi za juu za Baath, chama cha Saddam Hussein, wakiwamo walimu wengi. Ya tarehe 23 Mei ikavunja jeshi lote. Kwa siku saba, watu ambao wangeweza kujaza pengo hilo walihamishiwa upande wa pili wa mizani, wakiwa na mafunzo, hasira, na maghala ya silaha yasiyo na mlinzi.

Tatu: silaha kabla ya sanduku la kura

Andika tarehe mbili: siku wapiganaji walipokabidhi silaha, na siku ya uchaguzi. Zikikaa kinyume, tarajia kura ya woga. Mkataba wa Dayton, uliomaliza vita vya Bosnia mwaka 1995, uliitaka Bosnia ipige kura ndani ya miezi tisa. Kura ya Septemba 1996 ikavipa ushindi vyama vya kikabila vilevile vilivyopigana, maana nani angempigia mgombea wa kati wakati jirani yake anaungana na kabila lake? Sierra Leone ilikwenda kinyume. Waingereza walituma askari Mei 2000, kikosi cha Umoja wa Mataifa kikaongezwa hadi 17,500, na wapiganaji zaidi ya 70,000 wakakabidhi silaha kabla ya kura ya Mei 2002.

Uganda inafaa kuchunguzwa zaidi, kwa sababu nia ya mwingiliaji haikuwa mbaya na bado mambo yaliharibika. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Serikali ya kumrithi Amin ilikuwa imetokana na mkutano wa wakimbizi wa kisiasa mjini Moshi mwezi uliotangulia, na kilichowaunganisha ni Amin tu. Yusuf Lule alidumu siku 68. Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, na ni Muwanga huyo aliyejitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo ya kura ya Desemba. Milton Obote akatangazwa mshindi. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni. Kwa hiyo ongeza tarehe ya tatu kwenye daftari lako: siku tume ya uchaguzi ilipotoka mikononi mwa wenye bunduki. Ikiwa haipo, mengine yote ni mapambo.

Nne: pitisha kanuni ya uchaguzi kwenye jaribio la kususia

Chukua kundi moja kubwa, punguza wapigakura wake kwa robo tatu, kisha hesabu viti upya. Kama mikoa ina viti vyake vilivyopangwa kwa idadi ya watu, mkoa uliosusia bado utawakilishwa, hata kama ni kwa kura chache. Kama nchi nzima ni jimbo moja, unatoweka. Iraki ilichagua njia ya pili Januari 2005: viti 275, jimbo moja. Wasuni wengi walisusia au waliogopa kutoka, wakapata viti vichache katika bunge lililoandika katiba. Oktoba mwaka huo katiba ingekwama kama theluthi mbili ya wapigakura wa mikoa mitatu wangeikataa. Mikoa ya Anbar na Salahaddin, yenye Wasuni wengi, ilivuka kiwango hicho; Nineveh wengi waliikataa, ila hawakufika theluthi mbili. Katiba ikapita kisheria, na upande mmoja ukabaki nje yake.

Angalia pia kosa la kinyume, la kugawa vyeo kwa kabila milele. Urais wa Bosnia una Mbosniaki mmoja, Mkroati mmoja na Mserbia mmoja. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuwazuia Wayahudi na Waroma kugombea ni ubaguzi. Mgawo unaosimamisha vita huwa mgumu kuuondoa, kwa kuwa walioupata ndio wanaotakiwa kuufuta.

Tano: nani analipa mishahara, nani anaamuru polisi

Kambodia ilipiga kura Mei 1993 chini ya Umoja wa Mataifa. Chama cha kifalme kilipata viti 58, cha Hun Sen, aliyekuwa tayari waziri mkuu, 51. Lakini polisi, jeshi na utawala wa mikoa vilikuwa vya Hun Sen, akatishia, na nchi ikapewa mawaziri wakuu wawili. Fahali wawili hawakai zizi moja: Julai 1997 Hun Sen alimwondoa mwenzake kwa nguvu.

Sita: viti vitupu mezani

Soma orodha ya waliotia saini, kisha andika wasiokuwapo. Bonn, Desemba 2001, mkutano wa kuunda serikali mpya ya Afghanistan: Taliban hawakualikwa. Doha, 29 Februari 2020, mkataba wa Marekani na Taliban: serikali ya Kabul haikuwamo. Kabul ilianguka tarehe 15 Agosti 2021. Libya ilijitengenezea kiti kitupu nyumbani: Mei 2013, huku watu wenye silaha wakiwa wamezingira wizara, bunge lilipitisha sheria ya kuwafungia nje waliotumikia utawala wa Gaddafi. Mwaka uliofuata kulikuwa na serikali mbili.

Kutoa hukumu

Usitoe alama kwa uchaguzi wa kwanza. Huo hulindwa na mgeni na hulipiwa na mgeni. Tafuta chama tawala kilichoshindwa kikaondoka wakati askari wa kigeni hawapo. Sierra Leone imefanya hivyo 2007 na tena 2018, kikosi cha Umoja wa Mataifa kikiwa kimeondoka 2005. Gambia bado haijafika hapo: Barrow alishinda tena Desemba 2021, askari wa ECOWAS wakiwa bado nchini. Iraki ilikaribia Machi 2010, muungano wa Ayad Allawi ulipopata viti 91 dhidi ya 89 vya waziri mkuu Nouri al-Maliki. Mahakama ikaruhusu miungano iliyoundwa baada ya kura ihesabiwe kuwa kambi kubwa zaidi, na Maliki akaendelea kuwa waziri mkuu. Katika ripoti yako, hilo liandike kama lilivyo: kura ilihesabiwa, aliyeongoza hakutawala, na askari wa Marekani walikuwa bado wapo.