Sauti Hafifu ya Simu ya Mezani: Somo kwa Nyumba za Vijijini Tanga

Simu ya mezani inaposikika kwa mbali, wengi wetu hukimbilia kununua simu mpya, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye waya. Kabla ya kutoa fedha, bainisha kwanza kama kasoro iko ndani ya nyumba au nje.

Hatua ya kwanza. Chomoa simu zote, kisha chukua simu moja unayoiamini, uichomeke kwenye kisanduku ambako waya wa nguzoni unaingia nyumbani, umpigie mtu. Sauti ikiwa nzuri, kasoro ni ya ndani. Ikibaki hafifu, yaelekea ni ya nje.

Hatua ya pili, kwa kasoro ya ndani. Rudisha simu moja baada ya nyingine, kwa sababu simu mbili zikiinuliwa pamoja hugawana mkondo uleule mdogo wa umeme na sauti hushuka kwa wote. Kisha fungua soketi. Kwetu pwani, kuanzia Pangani hadi Moa, hewa ya chumvi huzifunika ncha za shaba kwa kutu ya kijani. Ikate ncha hiyo, menya waya upya mpaka shaba ing'ae, ukaze skrubu. Tenganisha laini kwanza, maana volti 48 za kawaida hupanda hadi karibu 90 simu inapoita.

Hatua ya tatu, kwa kasoro ya nje. Waya wenye unene wa milimita 0.4 una ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa takriban omu 270 kwa kilomita, kwenda na kurudi, hivyo nyumba iliyo mbali na kituo cha simu hupata mkondo dhaifu. Toa taarifa kwa kampuni ya simu, na usisahau kusema kwamba umekwisha kupima kisandukuni. Vinginevyo utaambiwa ubadilishe simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Muheza: Mwalimu, sauti hupotea mvua ikinyesha, jua likiwaka hurudi. Simu imeharibika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Maji yanaingia kwenye kiungo cha waya huko nje. Toa taarifa mvua ikiwa bado inanyesha, kwani fundi akikuta pakavu hataona kitu.

Pangani: Je, kikuza sauti kitamfaa bibi yangu, ambaye masikio yamekuwa mazito?

Jibu: Kitamfaa, ila hukuza na mikwaruzo pia, safisha laini kwanza.

Korogwe: Sisi tunasikia vizuri, wenzetu ndio wanaolalamika.

Jibu: Basi kasoro yaelekea iko kwenye sehemu ya kuzungumzia; jaribu mkonga wa simu nyingine ya aina hiyohiyo. Ikiwa ni simu ya zamani yenye chembe za kaboni katika sehemu hiyo, gonga mkonga taratibu kiganjani, chembe zilizogandamana ziachane.