Sinema ya utotoni inaporudi: namna ya kuipima kabla ya kulipa kiingilio

Studio kubwa za Marekani zinajua kwamba jina unalolikumbuka huuza tiketi haraka kuliko hadithi usiyoijua. Oktoba 2012 Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, kwa takriban dola bilioni 4. Filamu ya kwanza ya Star Wars baada ya hapo, The Force Awakens ya Desemba 2015, ilikusanya zaidi ya bilioni 2 duniani kote. Mei 2018 ikatoka Solo, juu ya mmoja wa wahusika wanaopendwa sana katika hadithi hiyo, ikaishia karibu milioni 393. Mashabiki ni walewale, jina ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wameshaumia.

Maumivu hayo mara nyingi huonekana mapema, kwa anayejua pa kutazama.

Anza na ile ya zamani

Wiki mbili kabla ya filamu mpya kutoka, itazame ya zamani ukiwa na karatasi. Igawe safu mbili: upande mmoja andika KITU, upande wa pili KAZI YAKE. Kila unapoguswa, simamisha filamu ujaze pande zote mbili. Kuandika kitu ni rahisi: ndege ile, koti lile, wimbo ule. Kazi yake ndiyo inayochukua muda, na zoezi zima limesimama hapo.

Chukua mfano wa majua mawili katika Star Wars ya 1977. Luke anaishi shambani kwa mjomba wake, na anatamani kuondoka akajiunge na chuo kama rafiki zake. Mjomba anamwambia asubiri msimu mwingine, mavuno yanamhitaji. Luke anaacha meza ya chakula, anatoka nje, anasimama mguu mmoja ukiwa juu kidogo, na kutazama majua mawili yakizama jangwani. Honi ya okestra inaanza taratibu, muziki unapanda. Hakuna neno linalosemwa, na yote hayafiki dakika moja. Kwenye karatasi: KITU, majua mawili. KAZI YAKE, kutuonyesha kijana aliyezuiwa kuondoka, bila mtu kutueleza.

Sasa fuata majua hayo yanaporudi. Katika The Last Jedi ya 2017 Luke ni mzee kisiwani. Ametumia nguvu zake za mwisho kuwaokoa wenzake walio mbali, anainua macho, yapo majua mawili, muziki uleule unarudi, naye anatoweka. Kazi ya zamani imejibiwa: yule aliyezuiwa, leo anaondoka. Katika The Rise of Skywalker ya 2019, Rey, shujaa wa filamu mpya, anakwenda kwenye shamba lile lile, sasa tupu, anazika panga mbili za mwanga, anaulizwa jina lake, kisha anayatazama majua. Lakini Rey hajawahi kuishi pale, Leia, dada pacha wa Luke, ambaye upanga wake unazikwa, hakulelewa pale, na hakuna anayezuiwa kwenda popote. Kitu kipo, kazi haipo. Ukiizoea tofauti hii utaitumia kwenye filamu yoyote ya aina hii, na utaweza kusema kwa nini umekerwa badala ya kusema tu kwamba “haikuwa kama zamani”.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni toleo. George Lucas alizibadilisha filamu zake tatu za mwanzo mwaka 1997, akaongeza viumbe vya kompyuta na kubadili matukio, kisha akabadilisha tena kwa DVD za 2004. Kama ulichokiona utotoni ni kanda ya kabla ya 1997, unachokiona mtandaoni leo si filamu ileile. DVD za 2006 ziliwekwa matoleo ya awali kama nyongeza. Picha yake si safi sana, lakini ndiyo yenyewe.

La pili linawahusu hasa waliokulia kwenye vibanda umiza na kanda zilizotafsiriwa. Ukiwa ulimwona Schwarzenegger kwa mara ya kwanza kupitia sauti ya Lufufu au DJ Afro, nusu ya unachokipenda ni msimuliaji: mzaha wake, majina aliyowabatiza wahusika, kelele za watu waliokaa kwenye mabenchi. Itazame bila yeye kwanza. Usipofanya hivyo utaidai filamu mpya kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho.

Trela: kalamu na saa

Igawe trela kwa vipande vya sekunde 5. Ya dakika mbili inakupa vipande 24. Kila kipande kiwekee Z ikiwa nguvu yake inatokana na zamani (uso wa zamani, gari la zamani, kauli ya zamani), au M ikiwa inatokana na kipya. Ile tabia ya kupiga wimbo maarufu polepole kwa piano nayo ni Z, hata kama picha ni mpya. Kisha jaribu kukamilisha sentensi hii: “Mhusika mpya anataka …, lakini …” Z zikizidi 12 na sentensi imekushinda, usinunue tiketi ya siku ya kwanza.

Kumbuka kwamba trela kwa kawaida hutengenezwa na watu wa masoko. Kwa hiyo haikuambii filamu ni nzuri au mbaya. Inakuambia studio inaamini nini kitakutoa nyumbani. Na usiangalie zaidi ya trela moja. Terminator Genisys ya 2015 ilikuwa na siri moja kubwa, kwamba John Connor, kiongozi wa binadamu katika vita dhidi ya mashine, amegeuzwa mashine, na siri hiyo ikamwagwa kwenye trela kabla ya filamu kutoka.

Habari za utengenezaji

Dalili nzito kuliko zote ni mwongozaji kuondoka katikati ya kazi. Juni 2017 Phil Lord na Christopher Miller waliondolewa kwenye Solo upigaji picha ukiwa umeshakwenda mbali, akaitwa Ron Howard. Septemba mwaka huohuo Colin Trevorrow aliachana na sehemu ya tisa ya Star Wars (ndiyo The Rise of Skywalker), ikarudi kwa J.J. Abrams. Hivyo hadithi moja ilianzishwa na Abrams, ikabebwa na Rian Johnson, ikarudishwa kwa Abrams, na kila mmoja akiirekebisha kazi ya mwenzake. Ndiyo maana Palpatine, Mfalme mwovu aliyeanguka katika filamu ya 1983, aliibuka tena 2019 karibu bila maelezo, na ujumbe wake wa kutangaza kurudi ukasikika ndani ya mchezo wa Fortnite kabla ya filamu. Shabiki aliyekasirika kwa hilo alikuwa na haki.

Kurudia kupiga baadhi ya picha, kwa upande mwingine, si dalili mbaya peke yake. Rogue One ya 2016, nayo ya Star Wars, ilirudiwa sana, Tony Gilroy akiletwa kusaidia, na wengi wanaihesabu kati ya bora za enzi hii.

Bajeti itazame kwa hesabu hii: kumbi hubaki na takriban nusu ya fedha za tiketi. Filamu iliyokadiriwa kugharimu takriban milioni 300, kama Indiana Jones and the Dial of Destiny ya 2023, inahitaji kukusanya karibu milioni 600 kabla ya kuhesabu matangazo. Ilipata takriban 384. Hili linamhusu shabiki kwa sababu fedha nyingi huleta woga, na woga humkataza steringi wa zamani kuzeeka. Harrison Ford alikuwa na miaka 80 filamu hiyo ilipotoka. Inafungua kwa dakika kama 25 za yeye akirudishwa ujana na kompyuta.

Umri ndio mtihani wenyewe

Jiulize: miaka iliyopita imeingia kwenye hadithi, au imefichwa? Top Gun: Maverick ilikuja 2022, miaka 36 baada ya ya kwanza, na haimwachi rubani Maverick apumue kuhusu miaka hiyo: kwa nini hajapandishwa cheo kama wenzake, kwa nini hana familia, anadaiwa nini na mtoto wa rafiki yake aliyekufa. Val Kilmer, aliyeigiza pia katika ya kwanza, alikuwa amepoteza sauti kwa saratani ya koo. Filamu haikulificha hilo, mhusika wake naye ni mgonjwa na anaandika maneno kwenye kompyuta. Waigizaji walipandishwa kwenye ndege halisi za F/A-18, na ule uzito unaokunja nyuso zao si wa kuigiza. Creed ya 2015 ilimtoa bondia Rocky ulingoni ikamweka kwenye kona, akimfundisha mtoto wa Apollo, mpinzani wake wa zamani. Zote mbili zinaukubali uzee.

Terminator: Dark Fate ya 2019 ilimuua John Connor dakika za mwanzo, mtoto ambaye filamu mbili za kwanza zilitufundisha kumlinda kwa roho zetu. Kumuua mhusika si kosa. Kosa ni kwamba mahali pake akawekwa binti mwenye kazi ileile, hadithi ikaanza upya, na ulinzi wote wa zamani ukawa bure. Jurassic World Dominion ya 2022 iliwarudisha wahusika wakuu watatu wa Jurassic Park ya 1993, halafu wawili wao ikawatuma kufuatilia nzige wakubwa huku dinosaria wakiwa pembeni.

Filamu iliyorudiwa nzima ina kipimo chake. The Lion King ya 1994 ina dakika 88; ya 2019 ina 118, kwa hadithi karibu ileile. Weka pembeni kwa pembeni tukio la Simba kumkuta Mufasa amelala bila uhai, zima sauti, tazama sekunde 30 za kila moja. Katika ya kuchorwa, nyusi, masikio na machozi yanasema yote. Katika ya 2019 kuna mwanasimba anayefanana kabisa na wa Serengeti, na uso wa mnyama halisi haulii kama wa mtu, kwa hiyo msiba wote umeachiwa sauti. Filamu hiyo ilikusanya zaidi ya bilioni 1.6, kwa hiyo usichukue mauzo kama ushahidi wa mapenzi.

Kiingilio kilipwe lini

Kama hesabu yako imekutia shaka, subiri wikiendi ya pili. Wikiendi ya kwanza watu hununua jina. Ya pili hununua maneno ya waliotoka ukumbini. Huko Marekani na Kanada Maverick ilishuka kutoka karibu milioni 127 hadi 90, anguko dogo mno. The Last Jedi ilitoka 220 hadi takriban 72. Lakini soma kalenda kabla ya kuhukumu: mwaka huo mkesha wa Krismasi uliangukia Jumapili, siku ambayo watu wengi hawaendi sinema.

Alama za watazamaji mtandaoni zipe uzito mdogo siku tatu za mwanzo, maana hapo hujaa waliokuja kupigana. Soma wale waliotoa alama za katikati. Hao kwa kawaida hutaja tukio na sababu.

Umeshaumia, fanya nini

Lala kwanza. Asubuhi rudi kwenye karatasi yako, uamue ni kidonda gani: filamu ni mbovu, filamu si ile uliyoitaka, au wewe umekua. Luke wa 2017 aliyekata tamaa na kujificha ni mfano wa kidonda cha pili. Filamu inatoa sababu yake. Unaweza kuikataa kwa haki kabisa, ila sema “sikubaliani nayo” na ueleze wapi.

Mwigizaji mwache. Hakuandika hadithi. Kelly Marie Tran wa The Last Jedi alifuta picha zake zote Instagram mwaka 2018 baada ya kutukanwa kwa miezi, na Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks katika Star Wars ya 1999, ameeleza hadharani jinsi chuki iliyofuata filamu hiyo ilivyomfikisha karibu na kujiua. Lawama ipelekwe kwa waandishi, watayarishaji na studio, na njia wanayoielewa haraka ni kutolipa mara ya pili: baada ya Solo kuanguka, filamu iliyopangwa ya Obi-Wan haikutengenezwa kama filamu, ilikuja kuwa mfululizo wa 2022.

Kwa anayetaka kuwarithisha watoto Star Wars, usianzie namba moja (ile ya 1977 huhesabiwa namba 4). Ya tatu itamwaga siri ya baba iliyofichwa hadi filamu ya 1980. Mashabiki wengi hufuata 4, 5, 2, 3, kisha 6. Mpangilio huu unatatua na jambo la matoleo: tangu 2004, mwishoni mwa ya 6, mzimu wa baba una uso wa Hayden Christensen, aliyemwigiza baba huyo akiwa kijana katika ya 2 na ya 3, na mtoto aliyeruka ya 2 na 3 atauliza huyu kijana ni nani wakati wewe unataka alie.