Ukienda Bujora, ulizia ngoma kabla

Ukitaka siku ya sanaa Mwanza, wasiliana na makumbusho ya Wasukuma Bujora, kule Kisesa, walau jana yake, uulize kama wachezaji wa ngoma wanaweza kukusanywa. Hawakai pale wakisubiri wageni, kwa hiyo ukifika kimyakimya utaambulia majengo tu. (Nayo si haba: banda la ngoma za watemi lina umbo la kiti cha mtemi, na kanisa la duara ni la 1958.) Mnalipia kikundi kizima, basi nendeni wengi mchangishane, mkiwa wawili itawauma. Msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma la mwezi Juni, usijisumbue kupanga. Ngoma zitakuwepo tele, ila kutazama majengo kwa utulivu sahau.