Tumbawe Likibadilika Rangi, Tazama Nyama Kwanza

Usiguse maji. Najua mkono unawasha. Umeamka, taa za tangi lako la matumbawe zimewaka, na lile tawi la tumbawe lililokuwa zambarau wiki iliyopita sasa limefifia, na rafuni kuna chupa tatu zinazoahidi rangi. Ziache hapo hapo. Zima taa za buluu, maana chini ya buluu kila tumbawe linang'aa na kila ugonjwa unajificha. Chukua tochi ya mwanga mweupe na lenzi ya mkononi, simamisha pampu za mkondo kwa dakika tano, kisha tafuta jibu la swali moja tu: nyama bado ipo?

Nyama ya tumbawe ni utando mwembamba mno uliovikwa juu ya kiunzi cha chokaa, na kiunzi chenyewe ni cheupe pe. Ndani ya nyama hiyo unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, wa rangi ya hudhurungi, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Zile rangi tunazozipenda, waridi, kijani, zambarau, hutengenezwa na tumbawe lenyewe. Kwa hiyo jicho linaona vitu vitatu vilivyolaliana: weupe wa kiunzi, hudhurungi ya mwani na rangi za tumbawe. Kimojawapo kimezidi au kimepungua, na kutafuta tiba kabla ya kujua ni kipi ni kupapasa gizani.

Tumbawe lililopauka ni jeupe lakini li hai. Kwa lenzi utaona mng'ao wa unyevu juu yake, kama yai lililomenywa, na polipu, vile viumbe vidogo vyenye mdomo vinavyounda tumbawe, zipo kwenye vitundu vyake hata kama zimejikunja. Tumbawe lililovuka nyama, yaani lililobanduka nyama yake, halina mng'ao huo. Vitundu viko wazi, kingo zake zimechongoka, ndani hamna kitu. Kwenye mpaka kati ya sehemu hai na sehemu tupu kuna mstari unaoonekana wazi, na mara nyingine vipande vya nyama vinapepea kwenye maji kama nyuzi za kitambaa kilichochanika. Ukikawia siku chache, mwani wa kijani au wa kahawia utaota juu ya kiunzi, na hapo hata asiye na lenzi anaona.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kasi yako. Lililopauka linakupa siku, pengine wiki. Linalovuka nyama linaweza kuisha kabla ya jua kutua, hasa Acropora, tumbawe la matawi. Hapo nakata kwanza na kupima baadaye: nakata tawi ndani ya sehemu hai, sentimita moja au mbili kutoka kwenye mpaka, na kipande kilicho salama nakibandika mahali pengine penye mkondo mzuri. Ukikata zoanthidi, jamaa laini za matumbawe zisizo na kiunzi, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, na usizikate wala kuzisugua nje ya maji zikakurukia, wala usizichemshe. Baadhi yake zina palitoksini, sumu inayoweza kukulaza hospitali. Hilo silisemi kwa kutia chumvi.

Kabla ya kuendelea, kuna weupe usio na kosa. Ncha za Acropora na ukingo wa Montipora (tumbawe ambalo mara nyingi huwa bapa kama sahani) inayokua huwa vyeupe au hafifu, kwa sababu nyama hapo ni mpya na mwani haujajaa ndani yake. Ukingo wa namna hiyo ni laini na una mng'ao. Wengi wameparamia kutibu tumbawe lililokuwa linakua vizuri kuliko yote tangini.

Sasa tazama rangi imebadilika wapi, maana mahali husema mengi kuliko rangi yenyewe. Ikiwa upande wa juu umepauka na chini, kwenye kivuli cha tawi lake mwenyewe, rangi imebaki, basi ni mwanga. Watu hufikiri mwanga huzidi pale tu unapobadilisha taa. Mimi nilijifunza vingine. Nilikaa miezi bila kubadilisha kaboni ya kuchujia, na maji yakageuka manjano polepole kiasi kwamba sikugundua. Siku niliyoweka mfuko mpya wa kaboni nilifurahi sana, maana tangi liling'aa kama hewa tupu. Siku ya nne, matumbawe yote ya juu yalikuwa yamepauka mgongoni. Taa haikuwa imeguswa. Manjano yaliyokuwa yakizuia mwanga ndiyo yaliyoondoka. Tangu hapo nazamisha sahani nyeupe upande mmoja wa tangi na kuitazama kutoka upande wa pili kwa urefu wake wote. Ikionekana ya manjano, naweka kaboni kidogo kidogo na kupunguza nguvu ya taa kwa theluthi, kisha naipandisha tena kwa wiki tatu au nne. Fanya hivyo hivyo ukifunga taa mpya au ukileta tumbawe jipya: lianze chini, lipande taratibu.

Mwili mzima ukipauka kwa usawa, juu na chini, fikiria joto kwanza. Baharini, nyuzi 1 tu ya Selsiasi juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, inatosha kupausha miamba. Tangini naweka kati ya 25 na 26. Usiamini namba iliyo kwenye hita, weka kipimajoto cha pili kisichohusiana nayo, kwa kuwa hita iliyokwama kwenye kuwaka hupikisha tangi usiku huku kioo chake kikionyesha namba ile ile. Soma joto saa za alasiri, linapokuwa juu kabisa, usisome asubuhi pekee.

Kama joto ni sawa, pima chumvi. Kiwango ni 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Hapa nataka nikuonyeshe jambo kwa karibu. Chukua refraktomita yako, yaani kipimachumvi cha kutazamia kwenye mwanga, ifute kioo, dondosha tone mbili za maji ya kulinganishia ya 35, si maji matupu, funga kifuniko, subiri nusu dakika tone lishike joto la kifaa, kisha tazama kwenye mwanga. Mstari wa buluu unatakiwa kukaa juu ya 35 kamili. Wangu siku moja ulikaa juu ya 31. Maana yake, miezi yote niliyosoma 35, tangi langu lilikuwa karibu na 39, na matumbawe yangu ya Euphyllia yaliyokuwa yamekunja minyiri bila sababu yalikuwa na sababu nzito. Nilishusha kipimo 1 tu kwa siku hadi nikafika. Tangu siku hiyo nalinganisha kifaa kila mwezi.

Joto na chumvi vikiwa sawa na tumbawe likazidi kufifia polepole, likawa rangi ya krimu au ya maziwa, tatizo linaweza kuwa njaa. Hili linawashangaza waliofundishwa kwamba maji safi ndiyo maji mazuri. Nitreti na fosfeti ni virutubishi, na zote mbili zikisoma 0, mwani ulio ndani ya nyama hauna cha kukulia, unapungua, na weupe wa kiunzi unaanza kupenya. Nilikuwa na sahani ya Montipora ya rangi ya chungwa iliyogeuka kama chai iliyojaa maziwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeweka punje za kuondoa fosfeti na kuziacha humo. Niliziondoa, nikaongeza chakula cha samaki, nikapunguza muda wa skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Shabaha yangu ni nitreti kati ya 2 na 10 miligramu kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Usikimbilie huko kwa siku moja.

Kinyume chake ni tumbawe kuwa kahawia. Hapa mwani umejaa mno hadi rangi za tumbawe zimefunikwa. Polipu kwa kawaida ziko wazi na zinakula, na tumbawe haliko hatarini, limepoteza uzuri tu. Sababu kubwa ni mbili: virutubishi vimepanda sana, au mwanga ni hafifu na tumbawe linaongeza mwani ili likamate kidogo kilichopo. Kipimo cha nitreti na fosfeti kitakuambia ni ipi. Ikiwa namba ni nzuri, tazama taa: vumbi la chumvi kwenye kioo cha kinga peke yake hula mwanga mwingi. Lifute kila wiki. Tumbawe jipya nalo hugeuka kahawia baada ya kuhama, na mara nyingi dawa yake ni kuliacha litulie.

Ncha zilizoungua, zikawa nyeupe kavu na kuota mwani huku mwili ukiwa na rangi, zinanielekeza kwenye ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Ualkali ukipanda ghafla, au ukiwa juu kwenye maji yenye njaa, kiunzi husukumwa kukua kuliko nyama inavyoweza kukifunika. Mimi nashikilia 8 dKH (kipimo cha ualkali), na sijali sana kama mwenzangu anashikilia 7 au 9. Ninachojali ni namba hiyo isiyumbe zaidi ya nusu kwa siku. Kalisi kati ya 400 na 450 na magnesi karibu na 1300, zote kwa miligramu kwa lita, navipima kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa hivyo haviruki ovyo.

Madoa madogo ya duara yaliyofifia, yametawanyika kwenye tawi kama alama za meno, si suala la maji hata kidogo. Ni minyoo bapa wanaokula Acropora. Wana rangi ya tawi lenyewe, usitegemee kuwaona. Chovya tawi kwenye bakuli la maji ya tangi lenye dawa ya kuogeshea matumbawe, lipulizie maji kwa bomba dogo, kisha tazama chini ya bakuli. Chini ya tawi, pasipo na nyama, tafuta mayai ya kahawia yaliyopangana, yakwangue yote, maana dawa haiyaui. Rudia uogeshaji kila wiki kwa wiki kadhaa ili uwakute watakaoanguliwa.

Ukishapata sababu, sahihisha hiyo moja na usiguse kingine. Piga picha kila Jumapili, saa ile ile, taa nyeupe peke yake, kamera ikiwa imefungwa mipangilio isijirekebishe rangi yenyewe. Jicho linazoea kilichopo, picha haizoei. Tumbawe lililopauka lipunguzie mwanga na ulilishe chakula laini sana usiku polipu zikitoka, kwa sababu limepoteza mpishi wake na linaishi kwa akiba.

Na usishtuke rangi ya kwanza kurudi ikiwa hudhurungi. Mwani hurudi kabla ya rangi za tumbawe, hivyo wiki za mwanzo utadhani umetoka kwenye shida moja umeingia nyingine. Ile Montipora yangu ilianza na ukungu wa kahawia katikati ya sahani, ukasambaa hadi ikawa kama gome la mti. Sikugusa kitu. Chungwa lilionekana mwezi wa tatu, chini ya mkunjo mmoja wa ukingo, upana wa ukucha.