Namna ya kusoma matangazo kwenye nota za zamani

Wengi wakipata nota za Marekani za miaka ya 1890 hadi 1920, yaani karatasi za nyimbo zilizochapwa ili zipigwe nyumbani, hutazama picha ya jalada, wakapiga wimbo, basi. Mimi huanza nyuma, kwenye matangazo.

1. Tafuta nakala nzima. Mkusanyo wa Lester S. Levy, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, una nota zaidi ya 29,000, na nyingi zinasomeka bure mtandaoni. Fungua hadi ukurasa wa mwisho.

2. Pima karatasi. Nota za kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia ni kubwa, takriban sm 27 kwa 35. Vita ilipoleta uhaba wa karatasi, nota zikapunguzwa ukubwa. Leo Feist, mchapishaji wa nyimbo wa New York, aliandika kwenye nota zenyewe kwamba amepunguza ukubwa ili kuisaidia serikali kuokoa karatasi. Hilo nalo ni tangazo: mnunuzi alijiona mzalendo.

3. Kaa kwenye piano. Jalada la nyuma mara nyingi husema "Jaribu huu kwenye piano yako", kisha linakupa mistari michache ya wimbo mwingine. Ipige kweli. Inakatika palepale sikio linapotaka kuendelea! Redio haikuwapo majumbani. Kionjo hicho ndicho kilichokurudisha dukani.

4. Linganisha miaka. Chini ya ukurasa wa kwanza wa nota pana mwaka wa hakimiliki. Ukiwa ni 1912, na nyuma unatangazwa wimbo wa 1917, basi nakala hiyo ilichapwa 1917 au baadaye. Wauzaji wengi hawaangalii hili.

5. Tafuta dawa. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Bromo-Seltzer, dawa ya kichwa ya Baltimore, iliwapa nota wateja waliotuma karatasi ya kufungia chupa pamoja na stempu. Uingereza, Beecham's, watengenezaji wa vidonge vya kulainisha choo, walitoa vitabu vizima vya nyimbo. Unageuza ukurasa wa wimbo wa mapenzi, unakutana na habari za tumbo. Mjukuu wa mwanzilishi, Thomas Beecham, akawa kondakta mashuhuri, na mali ya vidonge ikagharamia opera na okestra zake.

6. Hifadhi. Usibandike selotepu wala usipige laminesheni. Tia kila nakala kwenye folda isiyo na asidi, na ukiskani, anza na jalada la nyuma.