Somo: Kuchuja kazi za maonyesho ya pamoja

Jaji mgeni huuliza kwanza, "Kazi nzuri ni ipi?" Mimi huanza na futi kamba. Picha ya sentimita 60, ukiiachia nafasi ya 40 pembeni, imekula mita nzima. Ukuta wa mita 40 ni picha 40, basi. Hata zije 200.

Hatua ya 1. Ondoa majina. Kila kazi ipewe namba, vipimo na aina ya malighafi. Saini ifunikwe kwa karatasi.

Hatua ya 2. Mchujo wa picha za simu: ndiyo, hapana, labda. Kila jaji peke yake, kimya. Mkubwa akishaguna tu, wengine wote wanaandika mguno wake.

Hatua ya 3. Kazi zenyewe ziletwe. Hapa usiwe na haraka, maana simu inadanganya. Rangi ya baiskeli, ile ya mafuta wanayochorea wasanii wa Tingatinga, inang'aa, kwa hiyo itazame ukiwa umesimama ubavuni, kisha geuza ubao uone mgongo wake. Sanamu ishike. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Niliwahi kupitisha sanamu kwa picha, nilipoinyanyua ikawa nyepesi kama mwiko na kiganja kikatoka cheusi: dawa ya viatu! Lakini ukiona utepe mweupe-njano pembeni, usiuhesabu kasoro. Huo ni mti wenyewe, moyo wake tu ndio mweusi.

Hatua ya 4. Kila jaji atoe alama kati ya 10, ndipo mazungumzo. Angalia mtego huu: kazi yenye 6, 6, 6 inaishinda yenye 10, 4, 3. Wastani unapenda kazi isiyomkera mtu. Ndiyo maana kila jaji nampa turufu moja ya kuokoa kazi anayoiamini, bila kuomba ruhusa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kuna kazi ya mwanafunzi wangu, na nimeitambua bila jina. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Sema kabla ya alama kutolewa, usiipe alama, na ikijadiliwa toka ukanywe chai. Nyingine endelea nazo.

Swali: Tausi wa Tingatinga wote naona sawa. Si kuigana huko?
Jibu: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, ndugu na wanafunzi wake ndio walioendeleza. Ni shule, kaka, na shuleni watu hurithishana. Waweke tausi watatu pamoja, uangalie manyoya: yupo anayepiga nukta kwa mazoea, na yupo ambaye nukta zake zinampeleka ndege mahali. Huyo wa pili mpitishe. Ila usimshindanishe na kanvasi ya dhahania, isiyochora umbo la kitu.

Swali: Waliokosa tuwaandikie sababu?
Jibu: Mistari miwili, ya kweli. Kama ni ukuta umejaa, andika ukuta umejaa. Na siku ya kuchukua kazi itajwe, maana mwaka jana stoo yangu ililala na vinyago saba hadi masika.